Chumvi Iliingia Nikiwa Nimefumba Macho

Mimi majina siyasahau. Shule niliishia darasa la tatu, lakini nitakuitia darasa lile lote kwa jinsi tulivyokaa, kuanzia dirishani mpaka mlangoni, na waliokwisha kufa nitakwambia wamezikwa wapi. Ila watu wa habari hii bado wapo, tunasalimiana, na sikuwaomba ruhusa. Majina yao nabaki nayo. Nitakayoyataja ni majina ya majani, maana majani hayana ubishi.

Nilizaliwa Matiri, juu, kwenye kahawa na baridi. Nikaolewa Kihagara, chini, ziwani, kwenye joto na mchanga. Ukishuka kutoka kwetu masikio yanaziba njiani na kuzibuka, ndipo ujue umefika kwa watu wengine. Nilikuja na jembe na namna yangu ya kulima. Kwetu Matiri tunalima ngoro. Unafyeka nyasi, unazilaza chini kwa mistari inayokatana kama madirisha, kisha unachimba katikati ya kila dirisha na udongo wake unaumwaga juu ya nyasi. Linabaki shimo katikati na matuta pande nne. Mvua ikija inakaa shimoni, nyasi zinaoza chini ya tuta, mmea unakula polepole. Kwetu ni kwa sababu ya milima, udongo usikimbie. Huku ufukweni hakuna mlima, lakini mimi mkono wangu haukujua kulima kwingine, nikachimba ngoro nyuma ya nyumba, kwenye mchanga. Mashemeji walikuja kutazama.

"Mmatengo wetu anachimbia mboga makaburi," alisema mmoja.

"Acheni," mama mkwe akajibu. "Akimaliza za mboga atachimba la kwako."

Mama mkwe yule alikuwa na mdomo, lakini mboga zangu alikula. Mchicha, majani ya maboga, kunde, matembele, mnavu. Na kila jani nililijua kwa moto wake. Kisamvu unakitwanga na kukichemsha mpaka uchoke wewe. Mgagani unamwaga maji ya kwanza ili uchungu utoke. Mlenda unataka magadi na mkono mwepesi. Majani ya maboga unayamenya nyuzi kwanza. Nimepika majani tangu nikiwa sijafika kimo cha meza, na sijawahi kufikiri kwamba jani linaweza kwenda mdomoni halijapita motoni. Jani bichi lilikuwa la mbuzi.

Sasa, tukasikia tunaletewa bibi shamba, mtaalamu wa kilimo wa serikali. Mume wangu alikuwa ameshafariki, watoto wako mbali kila mmoja na mji wake, na chumba cha uani kilikuwa kitupu, nikasema akae kwangu. Nikamtandikia kitanda kifupi, kwa kuwa niliposikia "bibi" nilidhani ni mtu mzima mwenye magoti kama yangu. Akashuka msichana. Mrefu, hijabu ya buluu, begi mgongoni, anatokea Tanga. Aliniamkia vizuri, akatazama kitanda, akanitazama mimi.

"Bibi, hiki ni cha mtoto?"

"Kilikuwa cha bibi shamba," nikamwambia. "Tutakirefusha."

Alikuwa Mwislamu, mimi Mkatoliki, na kwetu nguruwe ni mboga ya sikukuu. Nikanunua sufuria mpya na bakuli kubwa la bati lenye maua, nikavitundika kwenye msumari wake peke yake, havikukutana na vyombo vyangu vingine. Aliponiambia sikuwa na haja ya kujisumbua nikamjibu kwamba sikujisumbua, nilinunua sufuria. Basi tukaanza kuishi. Mchana anazunguka kwa wakulima na pikipiki yake ya kazi, jioni tunakula pamoja barazani, yeye upande wake wa mkeka na mimi upande wangu. Nilikuwa nimesahau jinsi nyumba inavyosikika ikiwa na mtu wa pili.

Siku moja alikwenda Mbinga mjini kwa mambo ya ofisi. Akarudi na mfuko, akakaa kwenye ngazi, akaanza kutafuna majani. Mabichi. Nilisimama nikamwangalia.

"Unakula nini, mjukuu?"

"Saladi, bibi."

"Kwani kuni zimeisha?"

Alicheka mpaka jani likamtoka mdomoni. Akaniambia saladi haipikwi. Nikamwambia hayo majani niliyaona sokoni miaka mingi, ya kijani kibichi, yamekunjamana pembeni kama sketi, na sikuwahi kumwona mtu akiyanunua isipokuwa wageni na masista. Akanipa moja. Nikatafuna. Nikatafuta ladha, sikuipata.

"Haya ni maji yaliyojifunza kusimama," nikamwambia.

"Ngoja nikutengenezee inavyotakiwa."

Na hapo ndipo niliposhikwa na udadisi, maana mimi nikiona chakula nisichokijua siwezi kulala sijakielewa. Nilimfuata jikoni, nikakaa kwenye kigoda, nikawa namtazama kila alichofanya. Aliosha jani moja moja, mbele na nyuma, kwa maji yaliyochemshwa yakapoa. Akayakausha kwa kanga safi, akiyagusa taratibu kama anamfuta mtoto uso. Kisu hakushika. Aliyachana kwa vidole, vipande vya kutosha mdomo.

"Kwa nini si kisu?"

"Baba yangu anasema kisu kinaliumiza, pembeni linakuwa jeusi."

Baba yake, akanieleza, alikuwa mpishi wa hoteli Tanga mpaka alipostaafu, na miaka yote alikaa upande wa vyakula vya baridi. Mama yake alifariki yeye akiwa mdogo sana. Jioni baba akirudi kazini alikuja na majani ya nje, yale yaliyoonekana hayafai kwa wageni, wakakaa wawili sakafuni kuyachana. "Watoto wenzangu waliimbiwa," akasema, "mimi nilichana saladi."

Nikaelewa kwamba lile halikuwa jani tu. Nikaosha bakuli.

Tangu hapo saladi ikawa inaingia nyumbani kwa sura nyingi. Nilizishika zote. Kuna ya majani matupu, haina kingine, ambayo yeye aliiita ya kweli na mimi niliiita ya mgonjwa. Kuna ya tango na kitunguu kilichokatwa pete nyembamba. Kuna ya nyanya, ila nyanya isiwe laini, ikiwa laini inalia juu ya majani. Kuna ya parachichi la kwetu Matiri, lile la ngozi nyeusi, na hiyo nilikiri mwenyewe kwamba ni chakula. Kuna ya giligilani na limau nyingi. Na siku moja nikafanya yangu. Nilichukua usipa, hawa dagaa wetu wa ziwani, nikawakaanga wakavu mpaka wakawa wanalia kwenye kikaango, nikawamwaga juu ya majani yake bila kuuliza. Alitazama. Akaonja. Akala mpaka akaniachia kidogo tu, kwa heshima.

"Baba atasema umeharibu," akasema.

"Na wewe unasemaje?"

"Nasema fanya tena kesho."

Kitu kimoja tu sikukiona kikifanyika. Chumvi, mafuta na limau. Nilivionja, kwa hiyo nilijua vimo, lakini sikujua vinaingia lini. Sababu yake ni sala. Sala yangu ya chakula si fupi. Naanza na Baba Yetu, kisha naingia kwa marehemu wangu kwa majina, mmoja mmoja, wa Matiri kwanza halafu wa Kihagara, na ukiwa unakumbuka majina yote kama mimi, ni wengi. Yeye alikuwa anasema bismillahi yake, neno moja ameshamaliza. Basi mimi nikiwa nimefumba macho kwa marehemu, yeye alikuwa anamalizia bakuli. Nikifumbua, kila kitu kimo na kinang'aa. Sikuuliza. Nilidhani najua, maana chumvi kwenye mboga mbichi mimi nimeitia maisha yangu yote, kwenye kachumbari.

Tulipanda na sisi. Alileta mbegu kutoka mjini, tukachimba ngoro mpya pamoja nyuma ya nyumba, yeye akipima kwa kamba, mimi kwa jicho. Aliniuliza maswali mengi kuhusu zile nyasi za chini kuliko niliyowahi kuulizwa na mtu, na majibu mengine akayaandika. Majani yakaota mazuri. Yakafika kama kiganja. Halafu joto likaja, na badala ya kufunga kichwa yakaanza kupanda juu. Kila jani likajitenga, shina likanyooka, yakafika gotini, yakafika kiunoni kwangu. Nililionja moja. Chungu kama dawa ya malaria ya zamani.

"Saladi haipendi joto, bibi," akasema. "Huko kwenu juu ingefaa."

Niliona aibu kama vile nimemlea mtoto akawa mwizi. Nilitaka kuing'oa yote. Akaniambia niache kwanza, tutapanda kunde pale mvua zikianza.

Ni katika siku hizo baba yake alipopiga simu. Mtoto huyu huweka simu kwenye kikapu akiwa anamenya, sauti ikawa inatoka kwa nguvu, hata mimi nikasikia.

"Unakula nini huko?"

"Nakula vizuri, baba."

"Vizuri ni nini?"

"Samaki. Ugali wa muhogo."

"Na majani?"

Akanitazama. "Yapo, baba."

"Yapo wapi? Nimeuliza watu. Wameniambia huko ni mbali kuliko mbali. Nakuja kuona kwa macho yangu. Nikikuta unaishi vibaya, barua ya kuhama tutaiandika pale pale, mimi na wewe, meza moja. Karatasi na bahasha naja nazo."

Simu ikakatika. Nikamuuliza kama anataka kuondoka, akasema hataki, wakulima wake wa muhogo ndio kwanza wameanza kumsikiliza. Nikamuuliza kama baba akisema andika, ataandika.

"Sijawahi kumkatalia kitu, bibi. Yeye alinilea peke yake."

Sikumlazimisha. Lakini nilijua ninachotaka. Sikutaka aondoke. Baba wa watu anakuja kutafuta majani, na majani ya nyumba hii yamesimama kiunoni, machungu.

Siku mbili kabla ya mgeni kufika nilipanda Matiri. Wifi yangu, mke wa kaka yangu, analima bustani bondeni chini ya kahawa, na kule baridi ipo. Nilimkuta anapalilia.

"Leo umekuja kuchukua nini?" akaniuliza hata kabla ya salamu, maana tunajuana.

"Saladi."

Akaegemea jembe. "Wewe? Umeanza kula kama sista?"

"Nina mgeni."

"Mgeni wa namna gani huyo asiyependa kupikiwa?"

Nilimweleza yote. Akanichagulia vichwa vizuri, vizito, vilivyofunga kama ngumi. Tukavifunga kwa majani ya mgomba yaliyolowana, tukavitia kwenye gunia, na juu yake maparachichi. Njia nzima ya kushuka nililishika gunia mapajani kama mtu anayetoka kliniki na kichanga. Nilipofika nikalizamisha kwenye beseni kivulini, na majani yalikuwa bado mabichi, yanavunjika ukiyagusa.

Siku yenyewe msichana alikuwa na mkutano wa wakulima Lipingo. Mihogo imeingiwa na ugonjwa kule na siku ilishapangwa. Aliondoka asubuhi, akasema atarudi kabla ya adhuhuri, na baba alitazamiwa alasiri. Mimi nikapata mbasa mzuri kwa wavuvi, nikamsafisha, nikawasha moto. Adhuhuri ikafika, pikipiki sikuisikia. Simu ikaita.

"Bibi, mnyororo umekatika. Nitachelewa kidogo. Saladi niachie tu, nitaitengeneza nikifika."

"Usiwe na wasiwasi."

"Niachie, bibi."

Nikaona ananionea huruma tu. Nikajiambia, huyu anafikiri nitashindwa na majani. Nimekaa kwenye kigoda miezi yote hii nikitazama.

Nikafanya kama nilivyoona. Nikaosha moja moja kwa maji ya kuchemsha yaliyopoa. Nikakausha kwa kanga. Nikachana kwa vidole, kisu nikakiweka mbali kabisa. Bakuli la maua likajaa likafanya mlima. Lilipendeza, nikalizunguka nikalitazama pande zote. Kisha nikafika pale ambapo macho yangu hufumba. Nikafikiri: mboga mbichi, ili isimchome mtu tumbo, unaifikicha na chumvi. Ndivyo tunavyofanya kitunguu cha kachumbari, unakifikicha, unakikamua, ule ukali unatoka, unabaki utamu. Nikatia chumvi. Nikaingiza mikono miwili. Nikafikicha vizuri, nikakamua maji, nikafikicha tena, nikamimina limau na mafuta, nikafunika kwa sahani, nikaenda kumgeuza samaki.

Nilipofunua ule mlima haukuwepo. Chini ya bakuli kulikuwa na fungu moja la kitu cheusi cheusi, linatosha kiganja, limelala kwenye maji yake. Nilitazama chini ya meza kama vile mengine yameangukia huko. Nikatia kidole nikaonja. Ilikuwa kama kisamvu kilichosahauliwa.

Nikiwa nimeshika bakuli hivyo hivyo nikasikia mlangoni:

"Hodi hapa."

Alikuwa mtu mnene kidogo, kofia ya kiua, ndevu nyeupe zilizopunguzwa vizuri, mfuko wa kaki kwapani. Aliniamkia. Ana mvi, lakini aliniamkia shikamoo kama mwanangu, na nikampokea marahaba nikiwa bado na bakuli.

"Binti yako yuko njiani, baba. Pikipiki imemchelewesha. Karibu ukae barazani."

"Nikae jikoni, mama, kama si vibaya. Maisha yangu nimekaa jikoni, barazani sijui nifanye nini na mikono."

Akaingia. Akatazama moto, akatazama samaki, akakubali kwa kichwa. Akaona sufuria kwenye msumari wake peke yake.

"Hii mbona imetengwa?"

"Ni ya binti yako. Haijaguswa na chakula cha kwetu cha sikukuu."

Aliigusa kidogo kwa kidole, ikayumba. Kisha akatazama bakuli nililokuwa nimelikumbatia.

"Na hii ni nini, mama?"

Ningeweza kusema ni kisamvu. Nilifikiri hivyo, na sitakataa. Lakini mtu amefanya kazi ya majani maisha yake yote, utamwambia nini.

"Ni saladi," nikasema.

Alichukua bakuli, akalipeleka dirishani kwenye mwanga. Akanusa. Akatia vidole viwili, akaonja, akatafuna muda mrefu akitazama ziwa.

"Umeikamua."

"Nimeikamua."

"Nani alikufundisha kukamua saladi? Si binti yangu."

"Binti yako amenifundisha kila kitu isipokuwa chumvi. Chumvi anaitia mimi nikiwa nimefumba macho."

Ikabidi nimweleze habari ya sala na majina ya marehemu. Alianza kutikisika mabega kabla sijamaliza. Alicheka bila sauti, mkono juu ya kofia, mpaka akatafuta kigoda akakaa.

"Chumvi inanyonya maji, mama," akasema alipopata pumzi. "Kitunguu kina mifupa, kinavumilia. Hili jani ni maji matupu. Ukilitia chumvi na kusubiri, linakufa. Chumvi ni ya mwisho kabisa, watu wameshika vijiko." Akafuta macho. "Na limebaki lolote?"

"Nilitumia yote."

"Bustani?"

Hapo moyo ukanishuka zaidi. Nikampeleka nyuma. Akasimama kwenye ukingo wa ngoro, akatazama yale madirisha ya udongo, akaniuliza nani amechimba. Nikamwambia mimi na binti yako. Akauliza mara ya pili, "Yeye? Kwa mkono wake?" Nikamwambia kwa mkono wake, na kamba. Akaingia katikati akiruka mashimo, akaifikia ile saladi ndefu, akachuma jani, akaonja, akalitema kwa adabu, amegeuka pembeni.

"Chungu," nikasema.

"Chungu," akasema. Lakini hakuondoka pale. Aliinamisha shina moja akalitazama kichwani, akaliachia, akalinusa. Nilidhani anahesabu makosa yangu.

Halafu akakunja mikono ya kanzu. "Mama, saladi si jani moja. Hotelini mgeni akija na gari la mboga halijafika, hatumwambii arudi kesho. Unalima nini kingine?"

Tukazunguka. Akachuma ncha za mchicha mchanga, zile ndogo kabisa za juu, akanionjesha: mbichi ina ladha ya karanga, nami nimeipika miaka yote sikujua. Akachukua majani ya kitunguu, matango mawili, nyanya ngumu, giligilani. Kisha akainama kwenye mchanga pembeni ya banda la bata, akang'oa lile jani nene linalotambaa, lenye shina jekundu.

"Hili mnaliitaje?"

"Hatuliiti. Ni la bata."

"Kula."

Nikala. Lilivunjika mdomoni, chachu kidogo, kama limau iliyochanganywa na maji ya tango. Nilisimama pale na miaka yangu yote nikatafuna chakula cha bata, nikataka lingine.

"Mimi jina lake silijui pia," akasema. "Lakini Wazungu walikuwa wakiliona kwenye sahani wanamwita mpishi aje wamsalimie."

Tulirudi jikoni tukakaa wawili kuchana. Aliniachia parachichi nilikate, akasema mkono wangu ni mzuri. Tukiwa hapo msichana akaingia, mafuta ya mnyororo mpaka kwenye hijabu, akasimama mlangoni akitutazama. Aliangalia bakuli dogo nilimohamishia kile kitu cheusi, akaniangalia mimi, akafunika mdomo.

"Bibi. Umekamua?"

"Nenda kanawe," baba yake akamwambia.

Meza ya chakula tuliiweka barazani. Mbasa, ugali wa muhogo, na bakuli la maua limejaa majani yasiyotiwa kitu bado. Chumvi, mafuta na limau vikawa pembeni, karibu na mkono wa baba yake.

"Sasa mama," akasema yule baba, "leo uombe macho wazi."

Nikaomba macho wazi. Ni vigumu kuliko unavyodhani, kila kitu kinakuvuta. Nikasema Baba Yetu, nikaingia kwa marehemu wa Matiri, nikashuka kwa wa Kihagara, na yeye akasubiri, hakugusa kitu. Nilipofika kwa mume wangu, ambaye ni wa mwisho siku zote, akainua chupa ya mafuta. Kisha akaishusha tena.

"Kama haitakuwa kazi," akasema taratibu, "ongeza na mama yake huyu."

Msichana akainamisha kichwa. Nikamuuliza baba yake jina, akalitaja. Nikaliweka baada ya mume wangu. Ndipo akamimina mafuta, akageuza majani kwa mikono miwili kutoka chini, akakamua limau, na chumvi ikaja mwisho kabisa, kutoka juu, kwa vidole vitatu, kama mtu anayemwagia vifaranga chakula. Niliona yote. Tukala mara moja, kabla jani halijajua limetiwa chumvi.

Yule baba alilala kwa jirani usiku ule. Asubuhi nilichukua lile fungu langu jeusi nililoshindwa kulitupa, nikalisuuza chumvi, nikalikaangia kitunguu kwenye sufuria ya msumarini, nikatia karanga za kutwanga. Alipokuja barazani kwangu nikampa na kiporo cha ugali. Alikula, akaniuliza nimefanyaje, nikamwambia ndiyo saladi yake ya jana. Akaomba nimweleze tena, polepole, kuhusu karanga. Mpishi yule akawa ananisikiliza mimi.

Ule mfuko wa kaki ulikuwa kwenye kiti karibu naye. Msichana alikuwa anaufagilia pembeni tangu asubuhi, anafagia hapo hapo. Baba yake akanawa mikono, akauchukua, akatoa bahasha. Karatasi zikabaki ndani. Akasema, "Twendeni nyuma."

Kwenye ngoro akachana kitambaa cha leso yake vipande vitatu, akafunga kwenye mashina matatu ya saladi yangu ndefu, yale yaliyonyooka zaidi.

"Mama ulitaka kuing'oa hii."

"Nilitaka, baba."

"Saladi ikiwa chungu hivi, inatafuta mbegu. Huko kwenye baridi ingechelewa. Hapa kwenye joto inakimbia. Itatoa maua madogo ya njano, kisha yatakuwa na pamba nyeupe. Mkiona pamba, kutikisa tu, asubuhi upepo haujaanza." Akampa binti yake bahasha. "Zitaingia humu."

Msichana akaigeuza bahasha mkononi. Ilikuwa tayari imebandikwa stempu.

"Itachukua muda, baba."

"Muda si mdogo. Kisha kuzikausha, kisha kuzipanda wakati wa baridi, uone kama zinaota." Hakumtazama, alikuwa anakaza fundo. "Utakuwepo?"

"Nitakuwepo."

"Basi angalia bata wasizifikie."

Aliondoka na gari la mchana huo. Akiwa anapanda aliniaga kwa shikamoo tena, akaniambia usipa juu ya saladi ni kuharibu, binti amemweleza, na kwamba nyumbani kwake Tanga atajaribu mara moja tu, aone.

Pamba nyeupe zilikuja kama alivyosema. Tulizitikisa sisi wawili asubuhi, kanga imetandikwa chini, mimi nikiwa nimewafungia bata. Bahasha sasa inaning'inia msumarini pamoja na sufuria, na kila nikipita naigusa nisikie kama bado inachakacha. Siku hizi naomba macho wazi, jina lile nililoongezewa limebaki pale pale baada ya mume wangu, na msichana akiona nimelifikia ndipo anaposhika chumvi. Wifi yangu wa Matiri amepata habari za mbegu, ametuma ujumbe anataka nusu. Nimemjibu aje mwenyewe, na aje na maparachichi.